Papa Telefone na kamba zake mbili

Hapana, hatukuoana. Najibu mbele, ju naona swali inatembea mu macho yenu tangu nimetoa hii kitu ndani ya kitunga. Mutaanza na ile ndogo: mama, hii kamba nyeusi ni ya nini, na ju ya nini unaifunika na kitenge kama mutoto muchanga? Halafu mutafika ku ile kubwa. Basi ile kubwa nimemaliza kuijibu. Hatukuoana. Mimineni chai, watoto wangu, mukae vizuri.

Kamba ni ya Papa Telefone. Jina alikuwa nalo, la kanisa na la kwao Kasai, lakini mu biro, ofisi ya reli hapa Kindu, hakuna mutu alilitumia. Mukubwa wa biro alisema Papa Telefone, wafagiaji tulisema Papa Telefone, padiri naye vilevile. Miye nilikuwa Mama Chai. Nilifagia, nilichemsha maji, nilikorogea watu kumi na mbili, na kila mutu nilijua sukari yake ngapi na sauti yake namna gani. Masomo sikupata. Masikio Mungu hakuninyima.

Kazi yake ilikuwa kabati moja ya kijivu ku ukuta, mu chumba cha nyuma. Mashini ya telefone ya biro. Mukubwa akitaka mutu wa ghala, sauti inapita mule. Akitaka gare ya kusini, stesheni ya Kabalo ao Kamina, sauti inapita mule pia. Ukiweka sikio karibu, inanguruma kidogo kama paka ameshiba. Kila asubuhi Papa Telefone aliisalimia mbele ya kutusalimia sisi. "Bonjour, mashini." Halafu anageuka pole pole: "Na wewe, Mama Chai, umeamkaje?" Nilimuambia siku moja, basi miye ni wa pili baada ya sanduku. Akafikiri. Alikuwaka anafikiri kila kitu. Akasema, "Sanduku ikilala, biro yote inalala. Wewe ukilala, tunakosa chai tu." Halafu akacheka na mabega. Kinywa chake hakikuchekaka. Mabega njo yalipanda na kushuka, na kalamu zake ine ku mufuko wa shati zinagongana.

Alikuwa mutu wa telefone asiyependa kuongea. Mukubwa wetu, yee alishika telefone kama mutu anashika kuku anayetaka kukimbia, na sauti: "Allo, ni miye mwenyewe, miye mwenyewe ninaongea hapa", hata wavuvi ng'ambo ya mto wakajua ni yee mwenyewe. Papa Telefone akaniambia polepole, "Huyu akifungua dirisha, tunaweza kuondoa mashini." Papa Telefone akishika telefone, anafunga macho. Anasikiliza. Neno lake linakawia kufika kama treni ya Kamina, unasikia kwanza reli inatetemeka, unangoja, unangoja, halafu linafika na mizigo yake yote. Nilikuwa namuiga mbele ya wanamuke wa sokoni. Nafunga macho, naweka kidole hewani, nanyamaza mupaka wanashika mbavu, halafu: "Mmm. Mama Chai. Hii chai. Iko. Na moshi." Alijua namuiga. Siku moja alinikuta katikati, kidole hewani. Akasimama nyuma yangu mupaka nikamaliza. Akasema, "Kidole njo si hiki. Ni cha pili."

Radi ilimushinda. Huyu anayeingiza mikono mu nyaya bila kupepesa, mvua ikinguruma alikuwa anaingia chini ya meza na anaita mafaili. "Mama Chai, nipe ile faili ya kijani, nasoma hapa hapa chini." Faili yenyewe anaishika kichwa chini miguu juu. Miye nasoma hapana, lakini mhuri najua ukae wapi.

Sasa kamba. Yee alisema kable, miye nasema kamba. Alikuwa nazo sanduku moja ya sabuni imejaa, nyeusi, kijivu, nyeupe zimegeuka manjano. Mashini ile haikuwa na akili ya kuzaliwa nayo. Namba zote, huyu wa ghala, huyu wa mukubwa, huyu wa Kamina, ilibidi ifundishwe, na mwalimu wake alikuwa ordinatere, ile kompyuta, na kati ya mwalimu na mwanafunzi kunapita kamba. Nikamuuliza, nikiwa na ufagio mukononi, ju ya nini kamba yote hii, na midomo yote iko sawasawa? Ona hapa. Matundu tano juu, matundu ine chini. Kila moja vile vile.

Mutu mwingine angeniambia nifagie. Yee akaweka kikombe chini. "Mama Chai, watu wote wanakosea hapo. Wanaangalia mudomo. Mudomo ukiingia, wanasema kamba ni yenyewe. Lakini uliza kwanza: huyu mashini anasemea tundu gani, na anasikilizia tundu gani?" Akaniambia hivi. Tundu la pili na tundu la tatu, moja ni la kusema, moja ni la kusikia. Kuna kamba inaenda nyoofu, pili kwa pili, tatu kwa tatu. Hii ni nzuri kwa vyombo vingine. Lakini kwa kabati yetu na ordinatere yetu, ukiweka nyoofu, wote wawili wanasema mu njia moja na wote wawili wanangoja kusikia mu njia ingine. "Kama mukubwa na bibi yake," nikasema. Mabega yakapanda. "Njo vile. Kwa hawa wawili unataka kamba ya kukatana. Ndani yake pili inaenda kwa tatu, tatu inaenda kwa pili. Kinywa cha huyu kinafika ku sikio la yule."

Akanionyesha namna ya kupima. Jiwe ya tochi, ile betri, balbu ya tochi, kipande cha waya. Unagusa tundu la pili huku, unagusa la pili kule. Taa ikiwaka, ni nyoofu. Ikikataa, unagusa la tatu. Ikiwaka hapo, ni ya kukatana. Na yee alipima mara mbili. Hata kamba aliyotengeneza yee mwenyewe jana, leo anaipima mara mbili. Nilipima naye zote, sanduku yote, siku ya mvua isiyo na radi, chai ikapoa, mukubwa akalia "Mama Chai iko wapi", na Papa Telefone akamujibu, "Iko kazini."

Hakuna mutu alisha kusema vile juu yangu. Iko kazini.

Alikuwa na bibi. Musinitazame hivyo, nasema mambo kwa mupango wangu. Bibi mwembamba, wa Kamina, anavaa viatu vya kisigino, vya kulia ko ko. Alipanda treni kwenda kwao kuzika mama yake, na mutoto wao wa kike mugongoni. Siku kumi na tano, alisema. Halafu vita ikakata reli, ikakata waya, ikakata barabara, na Kindu ikabaki kama kikombe kimefunikwa.

Munajua vile tuliishi, wengine mulikuwa mu mugongo wangu. Chumvi ilikuja na baskeli. Sombe, majani ya muhogo, tulichuma nyuma ya choo, kwenda shambani ilikuwa kuomba kifo. Biro ilifungwa, lakini Papa Telefone alikuja kila asubuhi. Anafungua chumba cha nyuma, anapangusa kabati, anakaa. Moto wa umeme hakuna, mashini imekufa, imesahau hata namba yake mwenyewe. Nikamuuliza unafanya nini mule. "Nangoja ilie." Italiaje na imekufa? "Haijakufa. Imesahau. Ni tofauti." Miye nikamupelekea muchaichai bila sukari, na alikunywa kama iko na sukari.

Asikari walikuwa wanakusanya kila kitu chenye waya. Wanasema ni vya kuongea na adui. Walikuja kuchukua ordinatere. Mukubwa wao alikuwa na sauti kama ametia mchanga mu koo: "Muzee, ongea na wakubwa wako, waambie biro sasa ni yetu." Papa Telefone akamuonyesha kabati. "Ongea wewe. Inasikia, lakini imesahau kujibu." Nilifikiri watamupiga. Yule asikari akaweka sikio ku kabati, kweli, akasikiliza, akaondoka na ordinatere na ile sanduku ya kamba, kabati akaiacha.

Siku ile ile Papa Telefone alikuja kwangu, mchana kweupe, na mufuko wa unga. Ndani, kamba mbili alizowahi kuficha. Moja imefungwa uzi mwekundu. "Hii ya uzi ni ya kukatana. Bila hii mashini haiamuki, na nyingine kama hii Kindu hakuna, hata vya kutengenezea wamechukua. Ficha." Na hii isiyo na uzi? "Hiyo ni nyoofu." Ina kazi gani? Akafikiri mupaka kuku wangu wawili wakapita katikati yetu. "Haina kazi kwetu. Lakini nikiiacha wataichukua."

Nikapasua muto wangu ya kulalia, nikazitia katikati ya pamba. Nikashona. Nililala juu yake mupaka vita ikaisha. Matundu tisa na matundu tisa, asubuhi yalikuwa yameandikwa ku shavu langu. Wanamuke wakauliza, mama, umeumwa na nini? Nikasema, na telefone.

Mu miaka ile alinipitia kila siku. Anasimama ku mulango, haingii. "Mama Chai, muto iko muzima?" Iko muzima, papa. "Sawa." Halafu anaenda. Hiyo tu. Siku asipokuja, chakula kilikuwa hakishuki. Sikumuambia. Nilimuiga tu kwa watoto, "Mama Chai, muto iko muzima", na watoto wakacheka, na miye nikapata kusikia sauti yake mara ya pili mu siku moja.

Uzi mwekundu, kosa ni langu. Surua ilipita, mujukuu wangu wa kwanza akashikwa, macho yake yamefungana. Kwetu tunafunga mutoto uzi mwekundu ku mukono. Uzi sokoni hakuna, soko lenyewe hakuna. Nikafungua muto, nikachukua uzi ku kamba, nikamufunga mutoto. Nikajiambia kamba nitaikumbuka, iko upande wa kushoto. Lakini muto nani anaupiga bila kuugeuza, na kushoto ikawa kulia? Mutoto akapona. Huyu anayewamiminia chai njo yee.

Halafu vita ikaisha, yaani wakasema imeisha. Wakapandisha antena ku paa la biro, na monsieur mumoja, fundi, akatoka Kinshasa na ordinatere mupya. Suruali ya pasi, maneno yanakimbizana: "Papa, très simple, ni rahisi sana, dakika tano." Alikuwa na kamba yake mwenyewe. Mudomo ukaingia vizuri. Mashini kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Siku ya pili jasho limefika ku mukanda. Papa Telefone akasema, "Kamba yako ni nyoofu." Monsieur akasema, "Papa, kamba ni kamba, imeingia." Siku ya tatu akatangaza mashini imekufa, ataandika Kinshasa walete ingine. Walete ingine, Kindu hii, mwaka gani?

Papa Telefone akaniita. Sikupata kumuona vile. Mikono ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. "Mama Chai, leta ile ya uzi mwekundu." Halafu akasema kitu ambacho hakupata kusema tangu vita ianze. "Leo nitasikia kama bibi yangu iko muzima."

Nikaenda nyumbani. Nikapasua muto. Kamba mbili, ndugu mapacha, bila uzi.

Nikatafuta jiwe ya tochi, nikatoa balbu, nikakaa chini. Tundu la pili huku, la pili kule. Ikawaka. Basi hii ni nyoofu. Nikachukua ya pili. Pili kwa pili, inakataa. Pili kwa tatu, ikawaka. Nikapima mara mbili, vile alinifundisha.

Halafu nikakaa na kamba moja mukono wa kulia na moja mukono wa kushoto, na hapo sitawadanganya, nilikaa sana. Nikipeleka nyoofu, mashini italala. Monsieur atarudi kwao na jasho lake. Nani atamulaumu Mama Chai, asiyejua hata kusoma? Uzi ulioza, basi. Na Papa Telefone kesho atasimama ku mulango wangu na kuuliza muto iko muzima. Kesho kutwa pia.

Nikapasua kipande ku kitenge changu, nikafunga ku kamba ya kukatana. Nikanawa uso. Nikaipeleka.

Akaangalia kile kitenge. "Uzi si wangu." Nikasema, uzi wako iko ku mukono wa mujukuu wangu, lakini kamba njo yenyewe, nimepima. Nilingoja atoe tochi yake. Mutu huyu alipima kila kitu mara mbili, hata chai alionja kabla ya kunywa. Siku ile hakupima. Akaichukua mukononi mwangu na akaitia ku mashini.

Ikanguruma. Monsieur akasema "ah bon". Walifundisha mashini namba zote mupaka saa saba, halafu Papa Telefone akaita Kamina. Aliwashaga sauti ya nje kila akijaribu njia mupya, ju kila mutu asikie kama inasikika. Hakukumbuka kuizima. Biro yote ilikuwa mule.

"Allo, Kindu?" Kijana wa gare ya Kamina, sauti ya furaha, kama amekula vizuri. "Kindu, munaishi? Tulisema mumekwisha." Papa Telefone akasema jina la bibi yake. Kijana akacheka. "Ule mama wa viatu? Namujua. Alisha olewa, papa. Walimuambia bwana yake alikufa na vita. Iko na mutoto mwingine. Ule mukubwa anasoma. We ni nani?"

Reli ikatetemeka, tukangoja treni. Papa Telefone akasema, "Ni fundi wa telefone. Nilikuwa najaribu njia. Unasikika vizuri sana." Akaweka telefone chini, akaandika ku daftari yake. Baadaye nilimuuliza ulikuwa unaandika nini. Aliandika: Kamina, inasikika.

Nikamupa chai. Niliweka sukari tatu, yee anakunywaka moja. Akanywa yote.

Kumufuata yule bibi hakumufuata, wala kumutukana. Alisema, "Alisikia nimekufa. Alifanya vizuri." Mutoto wake alimutafuta baadaye, simu za mukono zilipofika, na waliongea kila Siku ya Mungu, yaani mutoto aliongea. Kazi ilipokwisha alikwenda kukaa Kailo, kulima mupunga na kutengeneza redio za watu. Posho ya mupunga wake ilikuja kwangu kila mavuno. Kamba aliniachia zote mbili. Nilimuambia hii nyoofu basi tuitupe. Akasema, "Ikae. Imezoea mwenziwe."

Mwaka jana kiangazi alikuja. Nywele nyeupe zote, kalamu bado ine. Ilikuwa asubuhi, uwanja wangu umejaa, wakwe wanatwanga, majirani wamekuja kuomba moto. Ninyi wengine mulikuwa pale, mulicheka kama wengine. Hakusimama ku mulango. Alipita mulango, akatafuta kiti, akakaa karibu yangu. Shati ya pasi. Nikajua. Mwanamuke anajua.

Akafunga macho. Akaweka kidole hewani, cha pili. Akasema, "Mama Chai. Miye mu maisha yangu. Nimesikiliza sana. Nyumba yangu ya Kailo. Iko na vyumba viwili. Nilitaka leo nikuulize."

Na hapo watu wote wameacha kutwanga, wananiangalia miye bibi kizee. Na kinywa changu, munakijua. Nikafunga macho. Nikaweka kidole hewani. Nikasema na sauti yake, treni kwa treni: "Mmm. Papa Telefone. Hivyo vyumba viwili. Umevipima. Mara mbili?"

Uwanja wote ukaanguka. Wakwe wakashika michi wasidondoke. Na yee pia akacheka, mabega yakapanda na kushuka, kalamu zikagongana, na nilimuangalia nikingoja amalize ju nimujibu. Jibu lilikuwa limekaa hapa, ku ulimi, tangu siku za muto. Lakini mabega yalishuka na hayakupanda tena. Akachukua kofia yake. Akasimama, akanikung'utia pumba ya mupunga ku bega, pole pole, kama anapangusa kabati lake.

"Mama Chai," akasema, "sauti ya kila mutu unayo. Yako njo sijasikia."